Siku Syntiche Alipotaja Jina la Kambo

Kambove, 12 Januari 2025

Muke wangu Syntiche,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwenu, hata kwa mupinzani wangu Hénoc, ambaye bado sijamsamehe. Mimi kambo yako, baba wa mama yako, nilikuchumbia kwa utani wa babu na mjukuu siku ulipobatizwa, mbele ya padri na mashahidi. Yeye alikuja miaka mingi baadaye na shati jeupe, nanyi nyote mkanisahau. Mwambie bado nipo.

Usiniambie tena ninunue simu kubwa. Mtu akinipigia simu nasikia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Barua haipigi kelele, na Doudou dereva hupita hapa kila juma akienda Lubumbashi. Kalamu inanitosha.

Nimejua kwamba mkataba wa Hénoc kule mgodini umekwisha, na kwamba mmeiacha ile nyumba ya mjini mkahamia Annexe, pembezoni mwa mji. Najua pia lile lingine, usiloliandika: miaka minne ya ndoa, na mtoto bado hajalia nyumbani mwenu. Sina dawa ya haya mawili. Lakini nina maelezo, na unajua kambo yako hawezi kulala na maelezo tumboni.

Baba yangu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli. Aliniambia kwamba treni ndefu ya madini ilipofika kwenye mlima, mashine moja ilivuta mbele na nyingine ilisukuma nyuma. Mtu aliyekaa mbele aliona moshi wa mashine moja tu, inakohoa, inakaribia kusimama, akaanza kunung'unika: "Kimashine hiki kitatufikisha wapi?" Hakujua kwamba muda wote ule anasukumwa. Ndivyo nilivyojifunza kumfikiria Mungu wakati wa mlima. Yuko karibu, ila yuko upande ambao hatuutazami.

Kifuko ninachotuma nimekishona mwenyewe kama kila mwaka. Kifungue kikifika. Sikuambii kuna nini ndani. Mwalimu haandiki majibu ubaoni kabla ya mtihani.

Kambo yako na muchumba wako wa zamani,
Edouard Banza


Lubumbashi, Annexe, 2 Februari 2025

Kwa Kambo Edouard,

Salamu nyingi. Tumepokea kifuko. Viwavi vilikuwa vizuri kama vya kila mwaka. Nilivipika na nyanya na kitunguu, tukavila na ugali wa bukari, Hénoc akalamba vidole.

Sisi hatujambo. Hénoc anatengeneza pikipiki kando ya barabara. Tunasali sana. Kuna nyumba ya maombi karibu na kwetu, ninaenda kila siku na ninafunga chakula. Kwa parokia siendi siku hizi.

Kambo, usitume kitu kingine kwa sasa. Wala usijisumbue kuja. Mvua imeharibu barabara.

Syntiche


Kambove, 9 Februari 2025

Muke wangu Syntiche,

Nimeisoma barua yako, nikafuta miwani, nikaisoma tena.

Viwavi! Mwaka huu Kambove haikupata viwavi. Nikueleze sababu, maana ipo. Kipepeo hutaga mayai kwenye miti anayoipenda tu, na miti hiyo wameikata kuchoma makala, mkaa wa kuuzwa mjini, tena mvua ilichelewa. Wanawake waliingia porini na beseni wakarudi na beseni. Kwa hiyo ndani ya kifuko niliweka vitu viwili: mbegu za maharage ya kupanda mwezi huu wa pili, na kikwembe cha marehemu mke wangu, kambo yako Brigitte, kile kitenge cha buluu cha jubilei ya parokia, chenye picha ya Bikira Maria.

Sasa nauliza kama mwalimu mstaafu: kikwembe kinahitaji nyanya ngapi? Kililainika? Na Hénoc alilamba vidole! Nilijua mupinzani wangu ni mlaji, sikujua amefikia nguo.

Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikaacha kucheka. Kifuko hakikufunguliwa. Sikuulizi kiko wapi. Nakuulizia wewe.

Ile nguo nilitaka uivae. Desturi yetu inasema kikwembe cha kambo kinabeba mtoto wa kwanza wa mjukuu, na huenda ungekifungia sandukuni kumngoja mtoto. Mimi nasema usingoje. Kivae kwenda sokoni, kivae ukipepeta unga. Mtoto akija atakikuta kimezoea harufu yako.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Kambo yako,
Edouard


Lubumbashi, Annexe, 2 Machi 2025

Kwa Baba Mwalimu Edouard, mupinzani wangu,

Syntiche amesema hatajibu. Basi najibu mimi, na kalamu si chombo changu. Afadhali ungenipa pikipiki iliyokufa.

Baba, jambo ni hili. Pale nyumba ya maombi kuna mtu anaitwa Nabii Constantin. Mwezi wa kumi na mbili alimwekea Syntiche mkono kichwani, akasema: "Kuna muzee upande wa mama yako, anakaa mahali pa migodi. Yeye njo amefunga tumbo yako na kazi ya bwana yako." Syntiche alilia kutwa. Nikamwambia: "Muzee wa migodini tuko naye mumoja tu, na kazi yake ni kueleza mambo." Hakucheka. Alikatazwa kula kitu chochote kinachotoka mkononi mwako.

Kwa hiyo kifuko alimpa jirani yetu anayeitwa Mimi bila kukifungua, akamwambia ni viwavi. Mimi haogopi uchawi wa mulozi wala nabii. Akakifungua, akapanda maharage, akavaa kikwembe. Juma lililopita, kabla Syntiche hajaifungua barua yako, wote wawili wakakutana kwenye bomba la maji. Mimi alikuwa ameinama, mgongo umegeukia watu. Syntiche akaona ile buluu, ndoo ikamwanguka, akapiga kelele: "Kambo Brigitte!"

"Brigitte gani? Mi ni Mimi."

"Hii kikwembe uliitoa wapi?"

"Si weye njo ulinipatia! Ulisema ni viwavi. Nikafungua, nikaona viwavi bimegeuka Bikira Maria. Nikasema, eh, Mungu iko mukubwa."

"Vua!"

"Nivue hapa, mbele ya bantu? Syntiche, uko na kichwa kweli?"

Wanawake walicheka mpaka foleni ikavurugika. Mimi alikifua, akakipiga pasi, akakileta jioni. Sasa kiko juu ya kiti chetu. Syntiche hakivai wala hakitupi. Anakitazama tu.

Baba, sehemu iliyobaki si ya kucheka. Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka, watu waliofungwa watasimama mbele ya wote, na kila mmoja atataja jina la aliyemfunga. Constantin amesema Syntiche ajitayarishe. Unajua jina likitajwa hivyo huku kwetu halirudi tena. Linapanda gari, linafika Kambove kabla ya barua. Na vijana wasio na kazi wakisikia "mulozi" hawaulizi mara mbili.

Nimkataze? Nimfungie mlango? Niambie.

Hénoc


Kambove, 9 Machi 2025

Kwa Hénoc,

Leo sikuiti mupinzani. Wewe ni mwanangu.

Kwako sitaficha: naogopa. Rafiki yangu wa hapa aliitwa mulozi na wajukuu wake. Hakuna aliyemrushia jiwe. Ila tangu siku ile hakuna aliyekula kwake, hakuna mtoto aliyetumwa kumwomba chumvi. Alizima polepole, nami nilimzika. Tangu barua yako ifike chakula hakinipandi, na usiku nahesabu mabati ya dari.

Lakini usimkataze. Mtu anayezuiwa mlangoni hupita dirishani, na akipita dirishani ataamini kwamba sisi wawili tunaficha kitu. Usigombane na yule nabii. Kaa karibu na mke wako, mpikie chai. Kwenye bahasha hii kuna barua yake. Mpe ikiwa imefungwa. Usimwambie kwamba sili. Nataka aamue akiwa mbele ya Mungu, si kwa kuihurumia mifupa yangu.

Edouard


Kambove, 9 Machi 2025

Muke wangu Syntiche,

Hénoc ameniambia. Usimkasirikie, alifanya kazi ya mume.

Kwanza tuseme juu ya uwezo wangu. Kama ningeweza kufunga kitu kwa mbali, ningeanza na mbuzi wa jirani, ambaye amekula mboga zangu za lengalenga mara tatu Kwaresima hii bila kuwa na dhambi yoyote moyoni. Tumbo lako ningelifanyia nini? Mimi ndiye ninayelilia kitukuu wa kumchosha kwa maelezo!

Sasa nieleze kidogo, halafu ninyamaze. Tunapoumia tunataka mwenye kosa. Hata wanafunzi wa Yesu walipoona kipofu waliuliza: nani alikosa, huyu au wazazi wake? Jibu lilikuwa kwamba hakuna. Ni jibu gumu, kwa sababu ukimpata mwenye kosa angalau una mtu wa kumkasirikia. Usipompata unabaki wewe na Mungu, na hasira yako mkononi, hujui uiweke wapi.

Iweke kwake. Fungua Zaburi uone wale wazee walivyomsema: umelala? umenisahau mpaka lini? Wala hakuwafukuza. Mtoto aliyemkasirikia mama yake lakini bado amekaa jikoni kwake, huyo hajapotea.

Juu ya Jumamosi Kuu. Jina langu kamili ni Edouard Banza Ngoy. Ukiona kweli unapaswa kulitaja, litaje vizuri, lisiharibiwe. Sitakulaani. Nilikuombea kabla hujaota meno, nitakuombea hata ukinikataza kuja. Ninaomba jambo moja tu. Kabla ya siku hiyo kaa na Mungu peke yako, bila Constantin, bila Hénoc, bila mimi. Muulize Yeye. Kisha fanya utakavyoona.

Hapa mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri.

Kambo yako,
Edouard


Lubumbashi, Annexe, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kambo, muchumba wangu wa zamani,

Amefufuka! Nimeandika mstari huu nikicheka na Hénoc anauliza nacheka nini.

Sikukujibu Kwaresima yote. Barua yako niliisoma nikaificha, nikaitoa, nikaificha tena. Nilikuwa na haya, na nilikuwa bado na woga. Lakini Alhamisi Kuu nilimwambia Hénoc aende kwa Mimi acheze karata, nami nikakaa jikoni peke yangu, nimefunika jiko, kama ulivyoomba.

Kambo, Mungu hakusema kitu. Nakwambia ukweli. Nilingoja sauti, nikasikia panya. Basi nikaanza kusema mimi. Nilimwambia kila kitu, hata maneno ambayo ukiyasikia utanipeleka kwa padri mbio. Nikamwambia: watoto wa wengine wanajaa barabarani mpaka magari yanapiga honi, na kwangu ni kimya, Wewe uko wapi? Nikalia. Nilipomaliza kulia nikagundua jambo: sikuwa naogopa. Tangu mwezi wa kumi na mbili, kila nikisali pale kwa Constantin nilitoka nikiogopa zaidi. Nilikuogopa wewe, nilimwogopa Mimi, niliogopa hata paka aliyepita kushoto. Pale jikoni karibu nimtukane Mungu, na sikuogopa. Nikajua ninasema na mtu ninayemjua.

Lakini bado sikujua nitafanya nini. Jumamosi nilienda. Hénoc alinifuata, akasimama karibu na mlango kama askari, na mikono yake ya mafuta ya pikipiki. Watu walijaa. Wa kwanza alitaja shangazi yake. Wa pili alitaja mume wa mama yake. Kila jina likitajwa watu wanapiga kelele, wanakanyaga chini. Ikafika zamu yangu.

Constantin akasema: "Mama Syntiche, taja jina ya muntu aliyekufunga!"

Nikasema: "Kambo yangu anaitwa Edouard Banza Ngoy."

Wakaanza kelele. Nikaona Hénoc ameinamisha kichwa. Nikanyoosha mkono wakanyamaza, maana walidhani nataka kuongeza ubaya. Nikasema: "Huyu kambo njo alinifundisha alama ya musalaba. Nilikuwa mutoto mudogo, nilikuwa na kilazi kitamu ya kuchemsha mu mukono ya kuume, nikakatala kukiweka chini. Akasema: basi fanya musalaba na kilazi yako, Mungu anakijua, ni Yeye alikiumba. Nikafanya. Kilazi ikaniachia unga mu paji ya uso, na pua pia."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Halafu benchi nzima.

Constantin akasema: "Mama, sikukuuliza hadisi. Alikufunga namna gani?"

"Hakunifunga. Mi niko mwenye kukosa mutoto, na bwana yangu iko mwenye kukosa kazi. Tunaumia, na tutaendelea kumulilia Mungu. Lakini ule muzee, musimuguse."

Kambo, mama mmoja mzee akasimama na fimbo yake, akapiga kelele: "Amina! Na mi pia, dada yangu musimuguse! Nilikuja kumutaja, nimeacha!" Watu wakacheka vibaya sana. Foleni ya waliobaki ikapungua: huyu amekumbuka sufuria iko motoni, yule mtoto analia nyumbani. Constantin aliniambia nikae. Hakukasirika kama nilivyodhani. Naye pia alikaa, akajifuta uso, na nikaona ni kijana tu, amechoka.

Tulipotoka Hénoc alitembea mbio mpaka kwenye kona. Pale akaanza kucheza ngoma peke yake, mbele ya wauza makala. Niliona haya, halafu nikacheza pia.

Jana nilienda Misa ya Pasaka na kikwembe cha buluu. Mimi alikaa nyuma yangu, akaninong'oneza: "Mi kilinikaa muzuri kupita weye."

Kambo, nisamehe kifuko, nisamehe na viwavi nilivyokudanganya. Kazi bado hakuna. Mtoto bado. Lakini ninasali tena na moyo mwepesi, na ninataka uje. Kuja ulale kwetu, kuja utubariki na mkono wako. Nataka majirani wote waone ninakula nini, na ninakula na nani.

Muke wako,
Syntiche


Kambove, 18 Mei 2025

Muke wangu Syntiche,

Nimerudi nyumbani salama kutoka kwenu. Doudou aliendesha vizuri, isipokuwa pale Likasi alipoamua kushindana na lori, nikalazimika kumweleza kanuni ya mwendo na uzito. Abiria walinishukuru, yeye hapana.

Nimekaa mezani niwaandikie asante, nikaona kuna mambo mawili hukuyajua ukiwa nyumbani mwako mwenyewe.

La kwanza. Nilikuja na hotuba. Niliiandaa tangu Pasaka, ina sehemu nne, na mfano kutoka kitabu cha Ayubu. Nilitaka kuisoma kabla ya baraka. Kisha ukatandika mkeka nje ya mlango, palipo na njia ya watu wote, ukaninawisha mikono, ukapiga magoti ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mimi: "Kambo, nilishe." Nikakata tonge la bukari, nikalichovya katika sombe ya majani ya mihogo, nikakupa, ukala. Niliwaona wanawake wa nyumba ya maombi wamesimama njiani na ndoo kichwani. Mmoja aliitua ndoo yake, akaja akakaa, akanawa. Basi hotuba ilinipotea yote. Nilipowawekea mikono kichwani, wewe na Hénoc, nilitafuta hata sehemu ya kwanza, sikuipata. Ndiyo sababu nilisema tu: "Bwana, ni hawa. Unawajua." Mkadhani ni ufupi wa hekima. Haikuwa hekima. Na nilipokwenda kando ya ua nikasema moshi umeniingia machoni, muke wangu, jiko lilikuwa limezimwa.

La pili. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba nakula vizuri na kulala vizuri. Nilikudanganya, na Hénoc alijua, ila nilimkataza kukuambia. Niliogopa sana. Nilikufundisha kumwambia Mungu kila kitu, nami kwa siku nyingi nilimwambia sala za kitabu tu, kwa sababu nilijua nikianza na maneno yangu mwenyewe nitapiga kelele. Barua yako ya jikoni ndiyo iliyonifundisha. Jioni ileile niliyoipokea nilimwendea hivyohivyo, kwa hasira yangu na machozi, na nikakuta hata mtu wa umri wangu anapokelewa.

Naomba kazi kwa Hénoc kila asubuhi, na mtoto kwenu kila asubuhi. Sijui Mungu atajibu nini wala lini, na nisingependa nikudanganye tena kwa kujifanya najua. Najua tu kwamba tunaomba tukiwa ndani ya nyumba yake, sote watatu, hakuna aliyebaki nje.

Usiku ule kwenu, mliponipa kitanda chenu nanyi mkalala chini kama vijana wasio na mgongo, nilipiga magoti niombe mambo mengi. Nikasema "asante", nikatafuta neno la pili, na hapo usingizi ukanichukua, kichwa juu ya godoro na magoti bado sakafuni. Nilipoamka jua limeshapanda, mtu alikuwa amenifunika shuka. Nikatoka nje. Maji ya kuoga yalikuwa tayari, yanatoa mvuke, na mupinzani wangu amesimama kando yake na taulo begani, ameinama kama mtumishi wa mfalme, akiniuliza kama bwana harusi amelala salama.

Mwambie nililala salama.

Edouard Banza Ngoy